Miguu ya Soja na Pampu Tatu za Mwili

Soja wa lango lolote hapa Nairobi, iwe Kileleshwa au Umoja, akivua buti saa kumi na mbili asubuhi baada ya kusimama usiku kucha, soksi huwa imemwachia pete juu ya kifundo cha mguu. Mbonyeze kwa kidole gumba kwenye muundi, uhesabu hadi kumi, uachilie: shimo linabaki. Hapo ndipo kila mtu hugeuka daktari. Mmoja atasema ni moyo, mwingine atasema ni figo, na hakosekani wa kulaumu chumvi. Mara nyingi moyo wa soja huyo uko sawa kabisa. Damu ilishuka miguuni ikakosa wa kuirudisha.

Mchoro tuliochora shuleni umechangia mkanganyiko huu. Moyo katikati, mshale mwekundu unatoka, mshale wa buluu unarudi, na mtahiniwa anapata alama zake. Hakuna aliyeuliza mshale wa buluu unapata wapi nguvu za kupanda kutoka unyayoni hadi kifuani. Jibu ni kwamba mwili una pampu tatu. Moyo ni moja. Ya pili ni misuli ya shavu la mguu. Ya tatu ni kiwambo, ule msuli mpana uliokaa kama sufuria iliyofudikizwa kati ya kifua na tumbo. Moyo hupeleka, hizo mbili hurudisha. Zikilala, hata moyo usio na kasoro unakosa cha kusukuma.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita 5 hivi. Akiwa ametulia, kila pigo husukuma mililita 70, na kwa mapigo 70 ya dakika moja unapata lita 4.9. Yaani kila dakika, kiasi kinacholingana na damu yote ya mwili kimepita moyoni. Tena kimepita mara mbili, kwa kuwa moyo ni nyumba mbili zinazochangia ukuta: upande wa kulia hupokea damu iliyotumika na kuipeleka mapafuni, wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Kiasi ni kile kile pande zote, nguvu ndizo hutofautiana. Mapafuni ni karibu, shinikizo la milimita 25 za zebaki linatosha. Mwili mzima unahitaji 120. Nunua moyo wa ng'ombe buchani uupasue kwa urefu: ukuta wa chumba cha chini cha kushoto utaukuta mnene mara tatu hivi ya ule wa kulia, na ndani yake kuna nyuzi nyeupe ngumu zinazoshikilia vali, yaani milango ya damu, zisipinduke, kama kamba za mwavuli. Somo hilo halipatikani kwenye karatasi.

Kwamba damu hutoka kulia kwenda kushoto kwa kupitia mapafuni, wala haipenyi kwenye ukuta wa katikati kama Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, alivyofundisha, aliliandika Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 13. Ulaya ililifikia jambo hilo miaka mingi baadaye.

Sasa fuata shinikizo linavyoisha njiani. Kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, ni 120 moyo ukipiga na 80 ukipumzika, na hizo ndizo namba mbili za presha. Ateri, mishipa inayopeleka damu, zilizo ndogo kabisa zina misuli ukutani na hufanya kazi ya mfereji, hujifungua na kujifunga, na ndizo hula sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Damu ikiingia kwenye kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, imebaki na 35 hivi, ikitoka ina 15, na ikifika mlangoni mwa moyo inakaribia sifuri. Kwa mtu aliyelala, 15 zinatosha kumrudishia damu yake. Kusimama ndiko huleta kazi.

Kila sentimita 10 za damu iliyo wima zina uzito wa karibu milimita 7.7 za zebaki. Kutoka moyoni hadi kifundo cha mguu ni kama sentimita 120. Zidisha: unapata 92. Hilo ndilo shinikizo lililo ndani ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za kifundo cha soja aliyesimama tuli, na vipimo halisi vya sindano huangukia hapo hapo, 80 hadi 90.

Hesabu hiyo hiyo inafichua kosa la kila siku kwenye meza za kupima presha. Ukiuning'iniza mkono, mkanda ukawa sentimita 15 chini ya moyo, mashine itakuongezea 11 au 12 ambazo si zako. Keti, uegemee, nyayo sakafuni bila kupishanisha miguu, mkono uwe mezani usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu, na unyamaze dakika 5 kabla ya kupimwa na wakati wa kupimwa. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Upimwe mara mbili kwa mwachano wa dakika moja. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene nao huongeza namba, na hilo wengi hawalijui: kuna watu wanameza dawa kwa sababu ya mkanda.

Turudi kwa soja. Akipiga hatua, misuli ya shavu la mguu inakaza. Vena kubwa za mguu zimepita katikati ya misuli hiyo, na yote imevikwa utando mgumu usiotanuka, mfano wa gunia lililojazwa hadi pomoni. Msuli ukikaza hauna nafasi ya kuvimbia nje, kwa hiyo unaikamua vena. Ndani ya vena mna vali, vikombe viwili viwili vinavyotazama juu. Damu ikipanda vinafunguka, ikitaka kushuka vinajaa na kufunga njia. Msuli ukilegea, vena iliyokamuliwa inavuta damu kutoka chini na kutoka kwenye vena za juu ya ngozi. Hatua kumi tu, na ile 90 inashuka hadi 30 au chini yake. Akisimama tena tuli, vena hujaa upya polepole, na ndani ya nusu dakika hadi dakika moja hivi tumerudi pale pale.

Vali hizi unaweza kuzishuhudia bila kifaa, kwa jaribio ambalo William Harvey wa Uingereza alilitangaza mwaka 1628. Funga kitambaa juu ya kisukusuku, kiasi cha kujaza vena bila kulizima pigo la kifundo cha mkono. Kunja na kukunjua ngumi mara kadhaa. Chagua vena iliyonyooka mkononi, utaona vijinundu hapa na pale. Hivyo ni vali. Weka kidole kimoja juu ya vena, upande wa kiganja, ukandamize. Kwa kidole cha mkono wa msaidizi, pangusa vena kuelekea kisukusuku hadi upite kijinundu kinachofuata. Inua kidole cha juu: kipande cha chini ya vali kitabaki kitupu, damu haitashuka hata ukiisukuma. Kisha inua kile cha chini, na kipande kitajaa mara moja kutoka upande wa kiganja. Harvey hakuwahi kuona njia inayounganisha ateri na vena. Marcello Malpighi wa Italia ndiye aliyeziona kapilari kwa hadubini, kwenye mapafu ya chura, mwaka 1661.

Vena pia ni ghala. Wakati wowote zimeshikilia zaidi ya asilimia 60 ya damu yote. Mtu akisimama, nusu lita au zaidi huhamia miguuni na tumboni. Kawaida vena hukaza, moyo huongeza mapigo kidogo, na hakuna anayejua kilichotokea. Mwache mwanafunzi asimame wima nusu saa kwenye gwaride la shule, jua la Februari kichwani, bila chai ya asubuhi, ameambiwa asitikisike. Jasho limempunguzia maji, joto limezifungua ateri za ngozi, pampu ya mguu imezimwa kwa amri ya mwalimu. Moyo unapokea kidogo, unatoa kidogo, ubongo unakosa damu, anaanguka. Kuanguka kwenyewe kunamfaa, kwani akilala kimo cha safari kinafutika. Kosa ni la wale wanaomnyanyua wakamkalisha, wakamzunguka na kumpepea. Mlaze chali, inua miguu juu ya begi au kiti, legeza tai na mshipi, watu wasogee. Asipoamka ndani ya dakika moja au mbili, akiwa ameanguka katikati ya mbio, au akilalamika maumivu ya kifua, hiyo ni habari nyingine na anahitaji hospitali. Wanajeshi wa gwaride la sikukuu za taifa hufundishwa kukaza mashavu ya miguu na vidole ndani ya buti bila kuonekana, na sasa unajua kwa nini.

Vali zikiharibika, kila kikamulio kinavuja kurudi chini. Vena za juu ya ngozi hutanuka, hujipinda kama minyoo, na vikombe vya vali vilivyo ndani yake huachana zaidi, basi tatizo linajilisha lenyewe. Ujauzito huchangia, uzito mkubwa, umri, urithi, na kazi za kusimama: kinyozi, mpishi wa hoteli, mwalimu, soja. Ngozi iliyo juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, huanza kuwa ya kahawia kwa chuma cha chembe nyekundu zilizovuja, kisha huwa ngumu, huwasha, na siku moja mkwaruzo mdogo unageuka kidonda kisichopona. Kukipaka antibayotiki miezi sita bila kuufunga mguu kwa bendeji ya kubana ni kupoteza pesa. Kidonda kile kinahitaji shinikizo lishuke.

Maji yanayotoka na njia yake ya kurudi

Ukuta wa kapilari unavuja kwa makusudi. Maji, chumvi, sukari na protini kidogo hutoka kwenda kulisha seli. Albumini, protini iliyobaki ndani ya damu, huyashikilia maji yasitoke yote, lakini haiyarudishi yote. Kila siku kiasi cha lita 3 hivi hubaki nje na lazima kirejee kwa njia nyingine. Plazima yote ya mtu, yaani damu bila chembe zake, ni lita 3 hivi pia. Kwa hiyo njia hiyo ikizibwa kabisa, huna hata siku mbili.

Njia hiyo ni limfu. Inaanza kwa vimirija vilivyofungwa ncha kama vidole vya glavu, na seli za kuta zake zimepandana kama vigae vya paa. Maji yakijaa nje, vigae hufunguka kuingia ndani, yakishaingia, vinajifunga. Mirija mikubwa ina vali kama vena, na kuta zake hujikamua zenyewe mara kadhaa kwa dakika. Mtu akiwa ametulia, mkamuo huo ndio hufanya sehemu kubwa ya kazi. Nguvu ya ziada hutoka kwa wale wale wawili, msuli unaotembea na kiwambo kinachoshuka. Limfu ya miguu yote miwili, tumbo, mkono wa kushoto na upande wa kushoto wa kifua na kichwa hukusanywa na mrija mmoja unaopanda mbele ya uti wa mgongo na kumwaga ndani ya vena iliyo chini ya shingo, kushoto. Mkono wa kulia na upande wa kulia wa kifua na kichwa una mrija wake mfupi.

Mgawanyo huo usio sawa una matumizi. Tezi ngumu isiyouma iliyojitokeza juu ya mtulinga wa kushoto haifai kupuuzwa hata wiki chache, kwa sababu huenda ni saratani ya tumboni iliyopanda na mrija huo.

Mirija ya utumbo nayo hubeba mafuta. Baada ya sahani ya nyama choma yenye nundu, limfu ya utumbo huwa nyeupe kama maziwa, na saa chache baadaye plazima ya mlaji hutiwa ukungu. Maabara inapokuambia uje kupima mafuta bila kula tangu usiku, ni ukungu huo wanaoukwepa.

Njiani kuna vituo, mamia ya tezi, nyingi zikiwa kinena, kwapani, shingoni na ndani ya tumbo na kifua. Kila moja huchuja limfu na kuwaonyesha askari wa mwili kilichonaswa. Ndiyo sababu mtoto aliyekanyaga msumari hupata mtoki kinena, wala si gotini panapoonekana kuwa karibu. Mtoki unaouma, laini, unaotembea chini ya kidole, wenye kidonda au jino bovu mahali unakochujia, hupungua ndani ya wiki mbili tatu kidonda kikitibiwa. Kuukanda kwa maji moto na kuuminya kila saa hakusaidii. Uliopita sentimita 2, mgumu, umeshikamana, umekaa zaidi ya mwezi, au umekuja pamoja na jasho la usiku na kukonda, upelekwe ukatolewe kipande. Hapa Kenya kifua kikuu cha tezi ni jambo la kwanza kufikiriwa, hasa shingoni.

Pwani wanaijua limfu kwa jina lingine. Matende na busha hutokana na minyoo myembamba kama uzi, inayoletwa na mbu, inayoishi ndani ya mirija ya limfu miaka kadhaa. Mirija hutanuka, vali hazifungi, maji yenye protini hukwama, bakteria huingia kupitia nyufa za ngozi katikati ya vidole, na kila shambulio la homa huacha mguu mnene zaidi. Dawa za kumeza kwa pamoja huzuia maambukizo yasienee. Mguu ulioharibika unahitaji kuoshwa kila siku kwa sabuni na maji, kukaushwa hadi katikati ya vidole, kupakwa dawa ya ukungu penye nyufa, kuinuliwa na kutembezwa. Kazi hiyo inachosha na haina sifa, lakini ndiyo hupunguza mashambulio ya homa.

Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapa kwa ajili ya saratani ya titi yuko hatarini vivyo hivyo, mkono badala ya mguu. Mkono huo ukatwe kucha kwa uangalifu, usibebe ndoo nzito kabla ya kuzoezwa polepole, na ukivimba ghafla ukawa mwekundu wenye homa, aende siku hiyo hiyo.

Kusoma mguu uliofura

Swali la kwanza ni mmoja au yote miwili. Mmoja, ghafla, wenye joto, unaouma kwenye shavu la mguu, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, plasta, au safari ndefu ya kukaa kama basi la usiku hadi Mombasa: hilo laweza kuwa donge la damu ndani ya vena. Usiukande wala kuuchua. Donge likikatika hupanda na vena hadi moyoni, linapita upande wa kulia, na kwa kuwa kituo kinachofuata ni mapafu yenye mishipa inayozidi kuwa myembamba, linakwama huko. Kukosa pumzi ghafla na kifua kinachochoma ukivuta hewa ni dharura.

Yote miwili, inayofura jioni na kupungua asubuhi, kwa mtu asiye na lalamiko jingine, ni pampu iliyolala. Yote miwili pamoja na kukosa pumzi ukilala chali, ndio wakati wa kuufikiria moyo. Uso unaofura asubuhi na mkojo wenye povu ni figo inayopoteza protini: albumini imepungua, maji hayana wa kuyashika. Tumbo lililojaa maji na macho ya manjano ni ini, linalotengeneza albumini hiyo. Mjamzito aliyepita wiki 20 mwenye kuumwa kichwa, kuona vimulimuli, na presha ya 140 kwa 90 au zaidi, asiambiwe kwamba kufura ni kawaida ya mimba. Hicho chaweza kuwa chanzo cha kifafa cha mimba.

Na kuna sababu moja husahaulika sana: dawa. Amlodipini, kidonge cha presha kinachotolewa kila mahali, hufungua ile mifereji ya ateri ndogo bila kufungua vena kwa kiwango hicho. Shinikizo la kapilari linapanda, maji yanatoka, vifundo vinafura, zaidi kwa miligramu 10 kuliko 5. Kuongezewa dawa ya kukojoa juu yake husaidia kidogo mno, kwa sababu maji mwilini hayakuwa mengi, yalikaa mahali pabaya. Asiache dawa kivyake. Amweleze daktari ampunguzie, ambadilishie, au aiongeze dawa ya kundi jingine inayofungua na vena.

Ukibonyeza na shimo likabaki, ni maji yasiyo na protini nyingi. Matende ya muda mrefu hayaingii shimo. Jaribu kuinua ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, penye shina lake: ikikataa kufinyika, fikiria limfu.

Pampu ya tatu, na hewa ya Nairobi

Kiwambo kikikaza kinashuka, sentimita moja au mbili kwa pumzi ya kawaida. Kifua kinapanuka, shinikizo ndani yake linashuka, hewa inaingia. Hapo hapo tumbo linabanwa na shinikizo lake linapanda. Vena kubwa imepita sehemu zote mbili: chini inakamuliwa, juu inavutwa. Mrija mkuu wa limfu nao hivyo hivyo. Kila pumzi, basi, ni mkamuo mmoja. Kutoa pumzi ukiwa umetulia hakuhitaji nguvu, mapafu hujirudi kama mpira. Mtazame msukuma mkokoteni wa Gikomba anapoukwamua kwenye tope: amebana pumzi, kifua kimejaa shinikizo, na vena za shingo zimesimama kama kamba kwa sababu damu imegonga mlango uliofungwa. Ndiyo maana anayeinua mzigo huambiwa atoe pumzi wakati wa kuinua, zaidi akiwa na presha.

Pumzi ya kawaida ni mililita 500. Kati ya hizo, 150 huishia puani, kooni na kwenye mabomba, hazifiki penye kazi. Kwa pumzi 12 za dakika, hewa yote ni lita 6, na inayofika kwenye vifuko vya hewa ni 350 mara 12, lita 4.2. Mtu mwenye hofu anapumua juujuu, mililita 250 mara 24. Jumla ni zile zile lita 6, ila zinazofika ni 100 mara 24, lita 2.4. Amefanya kazi maradufu akapata karibu nusu. Vifuko vyenyewe ni mamia ya milioni, na eneo lake likitandazwa ni kama mita 70 za mraba, sakafu ya bedsita tatu au nne. Chembe nyekundu hupita hapo kwa robo tatu ya sekunde, na robo ya kwanza inatosha kuijaza oksijeni.

Kinachokulazimisha kupumua si kupungua kwa oksijeni. Ni hewa ukaa inayopanda na kuitia damu asidi, na ubongo huipima bila kupumzika. Ukibana pumzi ukashindwa, oksijeni yako bado ilikuwa nyingi.

Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa Mombasa ni 760, hapa ni 620 hivi. Ukiondoa 47 za mvuke wa mwilini, sehemu ya oksijeni katika hewa uliyoivuta ni 150 kule na 120 hapa, pungufu ya moja kwa tano. Mgeni wa Pwani anayehema kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu hajazeeka ghafla. Figo zake tayari zimeagiza chembe nyekundu zaidi, lakini shehena huchukua wiki kadhaa. Kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima asilimia ya oksijeni katika damu, kikimsomea 95 au 96 mtu mwenye afya, hapa si ajabu. Chini ya 90 ni ya kushughulikiwa.

Kifaa hicho kina udhaifu mmoja mkubwa, na unatupeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha soja usiku wa Julai. Baridi ni kali, jiko la makaa limeingizwa ndani, mlango umefungwa, nguo imezibwa dirishani. Makaa yanayokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoshika himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Chembe nyekundu iliyoshikwa hubaki nyekundu ya kupendeza, kifaa cha kidoleni kinasoma 98, na mtu anakufa. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na ukiona watu wawili wa chumba kimoja wameamka hivyo, usitafute malaria kwanza. Mtoe nje, mlango wazi, jiko nje, kisha hospitali yenye oksijeni. Kwa hewa ya kawaida gesi hiyo hupungua nusu kwa saa 4 au 5. Kwa oksijeni tupu ya barakoa, saa moja na kitu. Jiko liwashwe nje hadi moshi uishe, na hata hivyo lisilale ndani: makaa yaliyoiva bila moshi bado yanaitoa.

Dawa ya miguu ya soja ni ya bei nafuu. Kila nusu saa, anyanyue visigino na kuvishusha mara 20 hadi 30, polepole, au atembee hadi ukuta wa mwisho na kurudi. Akipata kiti, akanyage na kuachilia vidole kama anayeshona kwa cherehani. Kila saa pumzi 5 za kushusha tumbo, mkono juu ya kitovu uone unainuka. Akifika nyumbani alale chali, visigino vikiwa juu ya usawa wa moyo kwa mito au ukutani, dakika 20; stuli ya chini ya kiti haifikishi, kwa kuwa miguu bado iko chini ya moyo. Soksi za kubana zenye shinikizo la milimita 15 hadi 20 za zebaki zivaliwe kabla ya kufura, mara tu akitoka kitandani, zipimwe kifundo kilipo chembamba zaidi na shavu la mguu lilipo nene zaidi; ikijikunja juu ikawa pete, inaziba badala ya kusaidia. Kabla ya kuzinunua, atafute pigo juu ya mguu, kwenye mfupa kati ya kidole gumba na cha pili. Likikosekana, au akiwa na kisukari na nyayo zimekufa ganzi, au shavu la mguu likimuuma akitembea na kuacha akisimama, tatizo lake liko kwenye ateri, na soksi hiyo itamnyima hata damu kidogo inayofika.